Alama ya Nane

Jumatatu, 3 Aprili

Daftari hili nimelianza kwa hasira. Jana nilimtumia dada yangu ujumbe kumwomba anitanulie gauni langu la kazini, naye akanijibu: "Mdogo wangu, 'maboresho katika eneo la kiuno' ndiyo nini? Gauni linabana au halibani?" Linabana. Nilibaki na simu mkononi kama mtu aliyefumaniwa. Basi humu nitaandika kama watu wanavyosema, na hapatakuwa na wa kupitia maandishi yangu.

Maana kazini tunapitiwa mno. Mimi ni mwandishi wa barua na matangazo katika idara inayoangalia mto na mifereji ya mji. Kila karatasi ninayoandika hupita meza tano kabla ya kutoka, na kila meza lazima iongeze kitu, ili ionekane kwamba mwenye meza hakulala. Kuongeza ni kuboresha. Kupunguza ni utovu wa adabu kwa aliyetangulia, kwa hiyo hakuna anayepunguza. Ukutani tumebandikiwa maneno kumi na mawili ya Mpango Mkakati: wadau, mchakato, ustahimilivu, shirikishi, na ndugu zao. Karatasi isiyo na angalau manne kati ya hayo hurudi ilikotoka.

Zangu hazirudi. Wenzangu huniita Fundi, na sitasema uongo, jina hilo nalipenda. Nafasi ya Mkuu wa Mawasiliano itajazwa mwezi Juni, na kila mtu anajua itakwenda kwa nani.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Ndoo mbili chini ya bati linalovuja, moja karibu na mguu wangu.

Alhamisi, 6 Aprili

Leo msoma kipimo kaniletea karatasi yake. Huyu ni yule bwana anayeshuka kila asubuhi chini ya daraja kuangalia maji yamefika wapi kwenye nguzo iliyopigwa rangi, alama ya kwanza hadi ya kumi. Sisi tunamwita Nguzo. Huingia ofisini na viatu vya mpira vyenye matope, mama wa chai humfukuzia nje na ufagio, naye huishia kunipa karatasi yake kupitia dirishani. Ameandika: "Maji alama ya tano. Jana ya nne." Basi, yamekwisha.

Nikamtania: "Kaka, hata salamu hamna?"

"Bi Fundi, mto haunisalimii, nami nawaletea ulivyosema."

Namwona mtu mzito, asiye na makuu wala madoido. Nilichukua sentensi zake mbili nikazifanya ukurasa mmoja na nusu. Mkuu wa idara aliusoma akasema, "Hapa sasa kuna kina." Mkuu huyo tunamwita Mchakato, akitupa kisogo, kwa sababu kwake hata kwenda msalani ni mchakato.

Jumapili, 9 Aprili

Nimeshinda kwa dada. Anaishi bondeni, nyumba ya tatu kutoka mtoni, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Cherehani hiyo ndiyo iliyonisomesha, tangu mama afariki nikiwa na miaka tisa. Pembeni yake hukaa jirani yake, Bibi wa Vifungo, anayemshonea vifungo vya nguo zote kwa mkono. Kopo lake la vifungo halimtoki mapajani. Nyonga yake mbovu, ulimi mzima.

"Mwenye ofisi kaja," alisema. "Tupeni semina nyingine, mwanangu. Ile ya mwaka juzi nilipata daftari na kalamu, na chai ya maziwa. Sikuelewa neno, lakini tulikaa vizuri."

Tulicheka sote. Dada aliutazama ukuta wake, umelowa hadi usawa wa goti, akaniuliza kama mto utapanda.

Nilimwambia hali inafuatiliwa kwa karibu.

"Na nani?" akauliza.

Nikasema na mamlaka husika. Alinitazama kama anayehesabu meno yangu, akarudi kwenye mshono.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua. Kalamu tatu nimezitafuna vifuniko. Sijui nina nini.

Jumatano, 12 Aprili

Nguzo: "Maji alama ya sita. Udongo wa juu haunywi tena. Yakifika ya nane, watu wa bondeni wahame siku hiyohiyo. Yakifika ya kumi yatapita juu ya kingo."

Mkuu kaitisha kikao. Saa mbili na robo tumejadili kama tuseme "kuhama" au "uhamaji wa muda", kwa kuwa kuhama kunaweza kuzua taharuki. Ikapita "uhamaji wa muda". Kisha akanigeukia: "Fundi, andaa rasimu. Na nisisikie mtu ametangulia kuropoka huko nje. Taarifa ni moja, ni ile yenye mhuri. Atakayekiuka, mwezi Juni asinitazame." Wote wakanitazama mimi.

Nikaitikia ndiyo Mkuu. Nikatoka nikanawa uso.

Alhamisi, 13 Aprili

Rasimu yangu ilikuwa na sentensi saba. Ya pili, nakiri, ilisema wazi kwamba mto utajaa. Nimeipeleka meza ya kwanza saa tatu asubuhi.

Ijumaa, 14 Aprili

Meza ya kwanza imeongeza aya ya dira ya idara. Maji bado ya sita.

Jumatatu, 17 Aprili

Meza ya pili iliongeza usawa wa jinsia Ijumaa hiyohiyo. Ya tatu ilikuwa safarini. Mezani kwake faili limelala tangu Ijumaa chini ya kikombe. Nimelichukua mwenyewe, nikalipangusa, nikalipeleka ya nne. Maji ya saba.

Siwezi kukaa. Nasimama, naenda dirishani, narudi, nahesabu ndoo. Sasa ni nne.

Jumanne, 18 Aprili

Mama wa chai kaniuliza, "Mwanangu, karatasi hiyo unayoizungusha kama mgonjwa asiye na kitanda, inasema nini?"

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, trei mkononi, kwa heshima zote.

"Nzuri," akasema. "Sasa inasema nini?"

Ningemjibu, ila Mkuu alikuwa mlangoni.

Jumatano, 19 Aprili

Meza ya nne imeipenda sana sentensi yangu ya pili. Imeiboresha. Mto haumo tena. Yamebaki "matukio ya kihaidrolojia".

Alhamisi, 20 Aprili

Nguzo hakupitia dirishani. Aliingia na matope yake hadi mezani kwangu, na mama wa chai hakugusa ufagio.

"Ya nane," alisema. "Wamehama?"

Nilimweleza kwamba tangazo liko meza ya tano, kwa Mkuu, na kesho litabandikwa.

"Bi Fundi, mimi sijasoma sana. Nilisema siku hiyohiyo."

"Kaka, kuna utaratibu."

"Mto nao una wake," akasema, akatoka. Nilimchukia kwa muda wa dakika kumi hivi. Halafu nikajichukia mimi.

Simu nimeishika mara tatu. Jina la dada liko juu kabisa. Ningemwambia maneno mawili tu. Lakini nikakumbuka Juni, nikajiambia kesho tangazo litamwambia, tena kwa mhuri. Ajizi nyumba ya njaa, alikuwa akisema mama. Nilikuwa nikidhani ni methali ya wavivu.

Ijumaa, 21 Aprili

Limetoka. Mama wa chai kalibandika bondeni kwenye mbao nne na mlangoni mwa ukumbi. Nalinakili hapa, ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Wadau wote wa ukanda wa chini wanaarifiwa kuwa, katika kutekeleza Mpango Mkakati na kwa kuzingatia matukio ya kihaidrolojia, mchakato shirikishi wa uhamaji wa muda wenye lengo la kuwajengea wadau ustahimilivu utaanza rasmi Jumatatu saa nne asubuhi. Wadau wanahimizwa kujitokeza kwa wingi."

Hilo la kujitokeza kwa wingi ni la Mkuu. Liko kwenye kila tangazo analotia saini. Nadhani mkono wake hauwezi kumaliza bila hilo. Nilimwuliza kwa nini Jumatatu. Akasema Jumamosi na Jumapili si siku za kazi.

Amenipongeza. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua. Sikumpigia.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua mchana kutwa. Sikumpigia. Najiambia watakuwa wanafunga mizigo.

Jumanne, 25 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote.

Jumatatu saa tatu na nusu mama wa chai aliniwekea kikombe akasema, bila hata kunitazama, "Nimepita bondeni. Dada yako anauliza, semina ya leo kuna madaftari? Bibi wa Vifungo amevaa ile nguo yake nzuri, tangu alfajiri."

"Semina gani?"

"Si hiyo ya tangazo. Wadau, kujengewa, kujitokeza kwa wingi. Watu wanajaa ukumbini."

Ukumbi uko chini kuliko nyumba zote za bondeni. Kila mara idara ilipotumia maneno yale, watu wale walikalishwa ukumbini, wakapewa chai na daftari, wakarudi makwao salama. Sisi ndio tuliowafundisha hivyo. Tukaja kuwaita kwa maneno yaleyale, tukidhani tunawafukuza.

Sikuaga. Nilikimbia na viatu vya ofisini, kimoja nikakiacha kwenye mfereji. Darajani Nguzo alikuwa amesimama juu, si chini, kwa sababu chini hapakuwa na pa kusimama. Hakungoja nimwulize. "Tisa na nusu," alisema. "Na kule milimani inanyesha bado." Nikamwambia watu wako ukumbini. Alianza kukimbia mbele yangu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwa wamepanga mabenchi, wamefuta vumbi, hata meza ya mgeni rasmi imetandikwa kitambaa. Waliponiona wakapiga makofi. Bibi wa Vifungo yuko benchi la mbele, dada yangu kando yake, akinitabasamia kwa fahari, mdogo wake aliyemsomesha kwa cherehani kaja kuwasemesha watu.

Nikapanda mbele. Nikafungua mdomo. Na naapa kwa kaburi la mama, kilichotoka ni hiki: "Ndugu wadau, kama mnavyofahamu, katika kutekeleza..."

Mdomo ulikuwa unakwenda peke yake. Nilijisikia ninavyosema na sikuweza kusimama. Watu wakatulia vizuri, wakaanza kusikiliza, yaani kutosikiliza. Ni dada aliyesimama. Aliona mguu wangu usio na kiatu.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ile ya nilipokuwa na miaka tisa, "kuna nini?"

"Mto unakuja," nikasema. "Tokeni. Pandeni juu sasa hivi, acheni kila kitu. Mto unakuja!"

Sekunde moja hakuna aliyesogea. Kisha benchi la kwanza likaanguka na wote wakatoka. Nguzo alisimama mlangoni akiwaelekeza njia ya kupanda kwenye shule ya juu, sauti yake kavu, "Juu. Juu. Mama, kulia. Juu." Hakuongeza neno. Maji yalifika kizingitini tukiwa hatujafika nusu ya njia, ya rangi ya kahawia, yamebeba mlango wa mtu.

Shuleni tukahesabiana. Dada alihesabu mara mbili.

"Bibi yuko wapi?"

Mwanamke mmoja akasema alimwona akigeuka kuelekea nyumbani. Bibi alimwambia anakwenda kuchukua kopo lake, mara moja tu, maana hakulibeba kwenye semina. Dada akataka kushuka. Tulimshika watu wanne.

Jumatano, 26 Aprili

Amepatikana. Kopo lilikuwa mkononi, limefungwa kifuniko.

Alhamisi, 27 Aprili

Siku nne. Kutoka Alhamisi ya alama ya nane hadi Jumatatu ni siku nne. Hata kwa nyonga ile angepanda kilima mara ishirini, na kopo, na kitanda, na sufuria zake zote. Nahesabu tu. Siwezi kuacha kuhesabu.

Jumamosi, 29 Aprili

Tumemzika. Mvua imepungua. Dada anakaa kwangu. Hajaniuliza kitu, na hilo ndilo linaloniua.

Jumanne, 2 Mei

Mkuu ameniita. Amekonda kwa wiki moja. Alikuwa akipanga klipu mezani, kubwa na ndogo, anazitenganisha, anazichanganya tena. Anataka ripoti ya kupeleka juu. Amenipa mwongozo kwa mdomo: kulijitokeza changamoto za uratibu, uelewa wa wadau ulikuwa hafifu, mdau mmoja hakukamilisha mchakato wa uhamaji.

"Mkuu," nikamwambia, "amekufa."

"Najua amekufa," akasema kwa sauti ndogo. "Unadhani mimi nalala? Lakini ukiandika amekufa, watauliza nani. Andika vizuri, Fundi. Wewe ndiye unayeweza. Juni iko karibu."

Jumatano, 3 Mei

Nilikwenda chumba cha mafaili kutafuta mfano wa ripoti za zamani. Mama wa chai alinionyesha rafu ya chini, anazijua kuliko sisi. Nilikuta tangazo la miaka ishirini na mbili iliyopita, karatasi imekuwa njano: "Mto umejaa. Watu wa bondeni ondokeni leo kabla ya saa kumi jioni. Bebeni watoto kwanza." Saini ni ya Mkuu. Kijana wakati huo, mwandishi wa matangazo, kiti changu hikihiki.

Nyuma yake kuna barua ya onyo. Lugha isiyo na staha. Kuzua taharuki. Kuvuka ngazi.

"Mwaka ule hakufa mtu," alisema mama wa chai. "Lakini yeye walimhamisha miaka mitatu. Aliporudi alikuwa anaongea hivyo anavyoongea."

Nimelisoma mara nyingi. Nimemwonea huruma, kisha nikaogopa, kwa sababu nilikuwa naangalia njia yangu mwenyewe nikiwa nimeshafika katikati.

Ijumaa, 5 Mei

Jua. Ndoo zimekauka. Nimeandika ripoti, ukurasa mmoja. Haina hata neno moja la ukutani.

Jumapili, 7 Mei

Leo nimempa dada aisome kabla ya kuipeleka. Cherehani yake iliokolewa na Nguzo, ameitoa kwenye matope akaifikisha mlangoni kwangu begani, akaiweka, akasema "Inahitaji mafuta," akaenda zake. Dada alikuwa akiipangusa. Alifuta mikono, akakaa karibu na dirisha, akasoma kwa kidole, kwa sauti, kama anavyosoma siku zote.

"'Tarehe ishirini Aprili maji yalifika alama ya nane. Msoma kipimo alituambia siku hiyohiyo kwamba watu wahame. Hatukuwaambia. Tarehe ishirini na moja ofisi ilibandika tangazo ambalo halikusema kwamba mto unajaa wala kwamba watu waondoke. Waliolisoma walidhani wameitwa kwenye semina, wakaja. Bibi aliyekuwa akishona vifungo alikufa maji.'"

Akarudi nyuma kwa kidole, mstari mmoja.

"Ofisi ilibandika," alisema. "Ofisi ina mikono?"

Niliitazama mikono yangu.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Utaratibu, mhuri, taharuki, meza ya tano. Yote yalikuja hadi kwenye meno. Nikayameza, nikamwambia, "Cheo."

Hakunipiga, ingawa nilitaka anipige. Alinisukumia karatasi pamoja na kalamu. Nikakata "ofisi ilibandika tangazo". Juu yake nikaandika "tulibandika tangazo nililoandika mimi", na mwishoni nikaongeza: "Nilijua siku nne kabla ya mto kufurika, na dada yangu anaishi huko, na hata yeye sikumwambia." Chini nikaweka jina langu kamili, lile la shuleni, alilolilipia yeye. Kesho naipeleka mwenyewe kwa Mkuu, mkononi, bila kupitia meza yoyote.

Dada akaisoma tena, tangu juu hadi chini. Tangu nianze kazi hii hajawahi kusoma karatasi yangu bila kusimama na kuniuliza, hili ndilo nini, na hili. Leo hakusimama popote.

"Nimeelewa," alisema. Aliiweka karatasi juu ya cherehani, akanigeuzia mgongo, na ndipo alipoanza kulia.